Jinsi Misumari Alivyoiteka Hukumu ya Kichochoro

Sogeeni, enyi mliowahi kuambiwa njoo kesho, mkaja, mkaambiwa tena. Sogeeni nanyi mliokalia mabenchi ya ofisi mpaka mabenchi yakayajua maumbo yenu. Waacheni kando wafalme waliovuka milima na majeshi, kwa maana hao walikuwa na farasi na watu wa kuwapikia. Habari yangu ni ya mtu aliyeingia mahakamani peke yake, akiwa na kalamu moja inayovuja, akatoka na karatasi nne zenye muhuri.

Jina lake la vita ni Misumari. Ni fundi wa makochi, na akiwa kazini hushika misumari kumi na miwili mdomoni, akaitoa mmoja mmoja kuilisha nyundo, na katika miaka ishirini na sita hajameza hata mmoja, isipokuwa ule mmoja, ambao hauhesabiki kwa kuwa ulirudi.

Karakana yake iko nyuma ya nyumba aliyoachiwa na mama yake, na kutoka karakana hadi barabarani njia ni moja tu, kichochoro chenye upana wa kochi la watu watatu na vidole viwili. Upande wa pili anakaa jirani, mfyatua matofali, mtoto wa mfyatua matofali, ukoo wa watu wasioweza kuona uwazi wasitamani kuuziba. Jumatatu ya wiki hiyo ya dhiki, jirani alipanga mstari mmoja wa matofali katikati ya kichochoro. Jumanne ikawa mitatu. Jumatano kochi jipya lililoagizwa na mwalimu mkuu likabebwa mpaka hapo, likagoma kama ng'ombe mbele ya mto.

Misumari akamwendea mwenyekiti wa mtaa, akamweleza kwa marefu na mapana kwamba kesi ya njia ile mahakama iliiamua zamani, na mama yake akashinda. Mwenyekiti alimsikiliza huku akichokonoa meno. Akasema hadithi za ukoo anazisikia kila siku. Yeye anataka kuiona hukumu yenyewe, na muhuri wake. Ikifika mezani kwake Ijumaa kabla ya saa sita mchana, ukuta unavunjwa. Isipofika, jirani anaendelea kujenga, na Misumari ajifunze kutengeneza stuli.

Stuli. Wanaume wameuana kwa maneno madogo kuliko hilo.

Alhamisi, kabla jogoo hajajua kama kumekucha, shujaa alioga, akavaa shati lake la misiba, akajifunga mkanda kama mtu anayejifunga upanga. Mkewe akamsimamisha mlangoni, akamtazama toka kichwani hadi viatuni.

"Baba watoto, usigombane na mtu huko," akamwambia. "Wenye mafaili hawashindwi kwa mdomo."

Masjala ya mahakama ilikuwa chumba kirefu mwisho wa korido, chenye kidirisha cha nondo, na nyuma ya nondo madaftari makubwa yamelala rafuni kama wazee waliochoka kuulizwa. Mlinzi wa ngome hiyo alikuwa karani, mama wa makamo, sweta mabegani, miwani shingoni kwa kamba, mtu anayejua kila jalada lilipo na asiyemwambia yeyote kabla ya wakati wake. Mbele ya kidirisha walisimama watu kumi na mmoja. Misumari akawa wa kumi na mbili. Jua likapanda, mguu wake wa kushoto ukafa ganzi, akahamia wa kulia, nao ukamfuata mwenzake ahera. Hakukimbia.

Zamu yake ilipofika akazishika nondo kwa mikono miwili, akapaza sauti ili hata wa nyuma wasikie.

"Mama, mimi ni mtoto wa mwanamke aliyesimama katika jengo hili akaipigania njia ya wanawe. Nimekuja kuuchukua ushindi wake."

Karani akavaa miwani. "Namba ya shauri?"

Shujaa hakuwa nayo.

"Mwaka?"

"Mwaka ule dada yangu alipojifungua mtoto wa kwanza."

"Hapa hatupangi kesi kwa uzazi, kaka."

Foleni ikacheka. Misumari akahesabu umri wa mpwa wake kwa vidole, akakosea, akarudia, akaupata mwaka. Ndipo karani akamfunulia sheria za nchi ile ya karatasi. Kwanza kuna barua ya maombi, inayotaja nani alishitakiana na nani, mwaka gani, na nakala inatakiwa ya nini. Pili linafunguliwa daftari la mwaka huo, ambalo mwishoni lina orodha ya majina, kwa herufi ya mdai, yaani yule aliyeleta shauri. Jina linatoa namba, namba inatoa jalada, jalada linatoa hukumu. Njia nyingine hakuna, hata ukija na babu yako.

Basi Misumari, aliyeachana na shule darasa la tano kwa makubaliano ya pande zote mbili, akaketi kwenye benchi akaandika. Kalamu ilivuja, jasho likavuja, na baada ya saa nzima akapeleka kurasa tatu zilizoanza na kumshukuru Mungu kwa uumbaji. Karani akazisoma, akafyeka kwa kalamu nyekundu kama mtu anayepalilia, akamrudishia mistari minne ainakili upya.

Kisha daftari likafunguliwa. Jina la mama yake lilianza kwa T, na mwaka ule herufi T ilikuwa na wadai tisa tu. Karani akashuka nao kwa kidole mpaka chini. Hayumo. Wakafungua mwaka uliotangulia, hayumo; wakafungua uliofuata, mlikuwa na mende mmoja, naye hakuwa na shauri. Ikawa saa tisa na nusu, kidirisha kikafungwa, na jeshi la mtu mmoja likarudi nyumbani kwa miguu.

Ukuta ulikuwa umefika mistari minne. Jirani alikuwa ameuegemea, akipoza mgongo.

"Fundi," akasema kwa upole wa kuudhi, "nasikia unahamia kwenye stuli. Nitakuwa mteja wako wa kwanza."

Misumari akapita bila kujibu, jambo ambalo wanahistoria wanalihesabu kuwa ushujaa wake wa pili.

Ijumaa alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Karani alimtazama, akavuta daftari karibu, lakini hakulifungua. Akamuuliza kama ana hakika kwamba mama yake ndiye aliyeshitaki.

Swali hilo lilimchoma palipo na damu. Katika kila harusi na kila msiba wa ukoo ule habari ilisimuliwa namna moja: jinsi Mama alivyovaa viatu vyake vya Jumapili, akamshika mzee wa matofali, baba wa huyu jirani, akamburuta mahakamani mchana kweupe. Watoto walilala na hadithi hiyo. Hata hivyo saa ilikuwa inakwenda. Akajitenga ukutani, akampigia simu dada yake mkubwa, mtunza historia wa ukoo.

"Dada, shikamoo. Mama alishitaki, au alishitakiwa?"

"Kwani wewe unataka nini? Si tulishinda?"

"Dada. Daftari linapangwa kwa aliyeshitaki."

"Alishitakiwa," Dada akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Yule mzee ndiye alimpeleka, akidai Mama anavamia ua wake. Mama alilia siku tatu, akatukataza tusimwambie mtu. Aliposhinda ndipo akaanza kuisimulia alivyotaka yeye. Mimi niliona ana haki."

Misumari akaweka simu mfukoni. Pale, wapenzi wasikilizaji, ndipo vita vyenyewe vilipopiganwa, kwa maana nyuma yake foleni ilikuwa imefika watu kumi na tano, na mmoja wao alikuwa mteja wake. Akarudi kidirishani. Akazishika nondo, safari hii kwa mkono mmoja.

"Alishitakiwa," akasema. "Mama yangu ndiye mdaiwa."

"Hilo si kosa," karani akamjibu taratibu. "Wengi walioshinda humu waliletwa. Jina la aliyemleta?"

Lilianza kwa K, herufi ambayo nusu ya dunia imeamua kuzaliwa nayo. Kidole cha karani kilishuka ukurasa wa kwanza, kikashuka wa pili, na katikati ya wa tatu kikasimama. Shauri la madai namba kumi na saba. Akaingia stoo, akakohoa huko ndani mara nne, akatoka na jalada la rangi ya vumbi lililofungwa kwa uzi. Hukumu ikatolewa nakala, nakala ikapelekwa kwa hakimu, hakimu yumo kwenye kesi, kesi ina wakili anayependa sauti yake. Saa tano na robo sahihi ikapatikana. Karani akapuliza muhuri pumzi ya moto, akaushindilia, na meza nzima ikaitikia.

Misumari aliisoma akitembea, akijikwaa. Kwenye ukurasa wa mwisho paliandikwa kwamba mahakama ilimuuliza mdaiwa kama ana la kuongeza, naye akajibu kwamba hana, ila kama wamemaliza waheshimiwa wamruhusu, kwa sababu ameacha sufuria motoni. Fundi akasimama katikati ya barabara akacheka mpaka macho yakamtoka machozi, mwenye baiskeli akamtukana, naye akamshukuru.

Saa sita kasoro dakika nane karatasi zilitua mezani kwa mwenyekiti. Akazisoma zote nne huku midomo ikicheza, akaugusa muhuri kwa kidole gumba kuona kama unatoka, haukutoka. Jirani akaitwa. Alisoma jina la baba yake, akasoma neno "ameshindwa" chini yake, akaomba kusoma tena. Nyumbani kwao, akasema, waliambiwa kesi ile haikuisha.

"Na sisi tuliambiwa yetu," Misumari akamjibu, akamsaidia kubeba matofali.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote: siku hiyo ya Ijumaa, saa nane na dakika kumi, kochi la watu watatu lilitoka kichochoroni likitanguliza miguu, halikukwaruzwa popote, na barabara yote ikasimama kulipisha, yaani baiskeli mbili na mbuzi.