Jalada Halikusema Ni Mama Mkwe

Kikundi cha Wasomaji,
Duka la Dawa za Mifugo, mkabala na soko,
Kikima, Makueni.

Kwako Mhariri Mkuu wa Vitabu vya Hadithi,

KUH: MADHARA NILIYOYAPATA KWA KUMPENDA MWANDISHI WENU

Pole na kazi. Ninaandika nikiwa na akili timamu, ingawa mke wangu ana maoni tofauti, na ninaandika kwa heshima zote, kwa sababu ofisi yenu imenipa vitabu vingi vizuri na sasa imenivunjia heshima mbele ya soko zima.

Mimi ni Mbaluka Kisilu, mwenyekiti wa Kikundi cha Wasomaji wa Kikima. Ndimi yule aliyewapigia simu mwaka mzima akiomba mwandishi M. K. Ndululu aje kwetu. Mlichoka nami, mkamtuma. Jambo ambalo hamkuniambia ni kwamba M. K. Ndululu ni dada mdogo wa mama mkwe wangu.

Kama wewe si Mkamba, nikueleze. Kwetu mwanamume haketi na mama wa mkewe, hamshiki mkono, wala hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja wao huingia kichakani, na kwa kawaida ni yule mwenye magoti mazima. Tunaiita nthoni, ile haya ya ukwe, na dada za mama mkwe huhesabiwa pamoja naye. Najua vijana wa siku hizi wanapiga selfie na mama wakwe zao. Mimi nililelewa na nyanya, sijafika huko.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jalada. Nyuma ya kitabu mmeandika kwamba M. K. Ndululu anaishi Kitui na paka wawili. Mhariri, paka wanisaidie nini? Mngeandika dada zake wameolewa wapi, ningejua la kufanya. Na hizo herufi, M na K, zilinifanya niamini kwa miaka kwamba ni mzee fulani mwenye kofia. Nilikuwa namwita Mzee Ndululu hata kwenye maombi. Sasa ndio nimeambiwa kwamba ni mke wa mzee wa kanisa, na alificha jina kwa sababu kina mama wa kanisani hawangefurahia hadithi za mapenzi. Kwa kina mke wangu anajulikana kama Mama Kamene, mwalimu mstaafu, mtu wa kuleta machungwa Krismasi. Hakuna aliyejua kwamba anaandika. Nyinyi mlijua, mkanyamaza.

2. Siku yenyewe. Nilivaa suti yangu ya harusi, ambayo bado inanitosha nikisimama. Nilikuwa na hotuba, lakini hotuba ilikuwa ya watu. Yangu ilikuwa shukrani moja niliyotaka kumpa mwandishi huyu ana kwa ana, kwa jambo ambalo kitabu chake cha kwanza kilimfanyia marehemu mama yangu. Niliibeba shukrani hiyo tangu mazishi. Ndiyo sababu ya zile simu zote, Mhariri, si kwamba sina kazi.

Mgeni alipoingia sikushtuka. Utauliza, mtu hamjuije mama mkwe wake? Ni kwa sababu nimeishika nthoni vizuri sana. Siku ya harusi yetu niliangalia chini kuanzia asubuhi, na kwa huyo mama nilichokijua ni viatu tu, vyeusi, vyenye kifungo. Kikima alikuja na raba. Basi nikashika maiki, nikautangazia ukumbi kwamba huyu ndiye mtu niliyetamani kumwona kuliko mwingine yeyote duniani. Hapo mke wangu Kanyiva akaingia na birika la chai, akamwona mgeni, akaweka birika chini, akamkumbatia akimwita mama. Kisha akanigeukia na yale macho ambayo kila mume anayajua.

Mlango ulikuwa upande wa mgeni. Nilitoka kwa dirisha.

3. Tangi la maji. Nilikaa nyuma yake mpaka mkutano ukaisha. Kwa bahati mbaya maiki ilikuwa bado mkononi, na ni zile zisizo na waya. Watu wote walinisikia nikihema, nikifukuza kuku, na nikijiuliza kwa sauti kama suruali imepasuka. Ilikuwa imepasuka. Naambiwa mwandishi alidhani ni sehemu ya ratiba, akapiga makofi.

4. Abdinoor. Huyu ni mweka hazina wetu, ana duka la vifaa vya ujenzi, na ni rafiki yangu tangu alipokuja hapa kutoka Garissa. Hajawahi kumaliza kitabu. Kwao mambo ya kurukia madirishani hayapo. Mama mkwe husalimiwa kwa adabu, chai ikaendelea. Kwa hivyo alipoona kiti changu kiko wazi alikikalia, kando ya mwandishi wangu, akala paja la kuku ambalo Kanyiva alikuwa ameniwekea mimi. Alipoulizwa ni mhusika yupi anayempenda zaidi, alisema wote ni watu wazuri. Kisha, kwa sababu ni mwaminifu, aliona kitabu changu kimebaki mezani, akakipeleka kitiwe sahihi, akaniletea pale nyuma ya tangi. Kimeandikwa: Kwa Abdinoor, msomaji wangu mkubwa.

5. Sura ya nane ya kile kitabu cha kwanza. Hapa naomba ufunge mlango wa ofisi. Wewe uliipitisha sura hiyo, unaijua. Mjane ananyofoa waya wa redio yake mwenyewe ili yule fundi arudi, halafu usiku amelala anafikiria mikono ya fundi, ukurasa mzima. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na nimeisoma nikitabasamu. Leo naambiwa kwamba aliyeifikiria mikono hiyo ni mama mkwe wangu! Nifanye nini na tabasamu langu? Nilirudishe kwa nani?

Na si hilo tu. Mama yangu, Mbinya, alipokuwa hospitalini, nilikuwa namsomea kitabu hicho kila jioni, kwa sauti, katika wodi ya kina mama. Yaani niliyachukua mawazo ya kitandani ya mama mkwe wangu nikayatia masikioni mwa mama aliyenizaa. Niliwauliza wazee faini yake ni nini. Wawili hawakujua. Wa tatu, Mzee Muindi, alichukua kofia yake akaenda zake.

6. Ninachoomba. Kwanza, kuanzia sasa kila jalada libebe ukoo wa mwandishi, wa baba na wa mama, na mahali dada zake wote walikoolewa. Ukijibu kwamba Mkamba ana jamaa wengi na jalada litakuwa zito kuliko kitabu, basi wauza vitabu wamhoji mnunuzi, wamuulize ameoa wapi kabla ya kupokea pesa yake. Kama hilo nalo ni gumu, tafuteni waandishi wasio na dada.

Wakati huo huo, Bi. Ndululu asiandike tena hadi suala langu liishe. Kila kitabu kipya ni mama mkwe ameingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi, akalala kwenye kimeza kando ya kitanda. Na kwa kuwa ni nyinyi mliotukutanisha, mumpelekee mbuzi na blanketi ambavyo kwa desturi humwondolea mkwe haya hiyo. Mbuzi awe dume mzima. Mimi nauza dawa za mifugo, nitajua.

Sina chuki na mtu. Nimemwona mwandishi ninayempenda kwa muda wa sentensi moja, na ile shukrani bado ninayo kifuani, sijui niipeleke wapi. Hilo ndilo linaloniuma, hayo mengine ni suruali.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa yule binti wa simu aliyenivumilia, na askari wa lango aliyenijibu siku ile binti hakuwepo. Msalimie pia anayeandika nyuma ya majalada. Paka wake hawajambo?

Ni mimi niliyekuwa msomaji wenu mwema hadi Jumamosi,

Mbaluka Kisilu,
Mwenyekiti (kwa sasa).

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado kwenye kaunta ikingoja mtu wa kwenda mjini Wote, Kanyiva alipoichukua akamsomea mama yake mdogo, Mama Kamene, yote kwa simu, mpaka ya suruali. Halafu akaweka spika, akaniita. Nilikimbilia jikoni. Mama Kamene akasema, mimi nikiwa nyuma ya mlango, kwamba nthoni ni ya macho na mikono, na waliotuachia desturi hiyo hawakutaja simu. Nililifikiria jambo hilo, sikuona kosa.

Basi nikageukia ukuta. Hotuba yote ilinitoka kichwani. Nilimwambia tu kwamba mama yangu alikuwa ameacha kuongea, ananitazama kama mgeni, na tulipofika pale mjane ananyofoa waya wa redio alicheka, akacheka mpaka nesi akaja kuona kuna nini, na baada ya hapo hakucheka tena. Nikasema asante. Kisha Mama Kamene akaniomba nimsomee pale mama yangu alipocheka. Nilimsomea kwa kichwa, nikitazama ukuta.

Mbuzi nimepata mwenyewe, anapelekwa Kitui Jumapili. Kwa hivyo, Mhariri, futa ombi langu lote, na tafadhali msichapishe ukoo wa mtu yeyote. Ningejua mapema kwamba ni mama mkwe, kitabu kile nisingekifungua, na mama yangu angeondoka bila kucheka.