Programu ya Bure kwa Arusi ya Tatiana

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa nane

Nimepata kompyuta! Kuukuu, ndiyo. Ilitoka kwenye ofisi moja kule mgodini Mutoshi iliyofunga milango. Nilipoipindua lilimwagika vumbi jekundu la kutosha kupandia mchicha. Lakini inawaka. Mke wangu Mianda akauliza itatufanyia kazi gani. Nikamjibu: kazi zote. Akauliza kama itafua.

Jioni, mkutano wa komite ya arusi. Tatiana, binti ya Yaya Odile, dada yangu mkubwa, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo na Gracien, kijana wa mji wa Sandoa. Ikabaki kumtafuta mtu wa protokole, wa kupokea wageni na kuwapa viti. Wote wakamgeukia Henri, mdogo wa baba ya Tatiana. Kila arusi ni Henri! Anajua kwa kichwa nani hasemi na nani, na tangu lini.

Nikasimama. Nikasema mi ndiye mjomba, na mi niko na kompyuta. Kuna programu za bure, zitapanga ukumbi mzima wakati Henri bado anatafuta miwani.

Henri alicheka mpaka wakampa maji. Yaya Odile hakucheka. Akasema sawa, lakini nikimwaibisha mbele ya watu wa Sandoa, kiti cha mjomba, kile cha meza kuu pembeni ya bibi-arusi, atakikalia Henri.

Kiti kile! Nakingoja tangu Tatiana ana meno mawili. Haiwezekani.

Jumatano, tarehe 6

Siku nzima ya kutafuta. Mega zote za intaneti za simu yangu zimekwisha, na za simu ya Mianda pia (hajajua).

Programu ya kwanza: bure kuifungua, ila ukitaka kuhifadhi kazi yako, ulipe. Ya pili: yote kwa Kichina. Nilibonyeza kitufe chekundu, nikaona ni cha kulia. Yaani kompyuta ililia. Ya tatu ni ya kuandikia barua, na ni bure kweli kweli, haiombi kitu. Mianda ameipenda, anaandikia nyimbo za kwaya yake. Mi nimeidharau. Haina hata ua moja.

Jirani yangu Papy, fundi wa simu, alinishauri niweke programu moja ya kufukuza virusi, moja tu. Nimeweka tatu. Kama ni bure, kwa nini nijibane? Kufika saa kumi, programu ya kwanza ilikuwa imemfunga ya pili, na ya tatu inawashitaki wote wawili. Umeme ukakatika. Amani ikarudi.

Ijumaa, tarehe 8

Nimeipata! Ya arusi hasa. Ukiifungua, wazungu wawili wanarushiana maua. Unaandika wageni, unaandika meza, unabonyeza, na watu wanakaa. Bure!

Inataka vitu viwili kwa kila mtu: jina la kwanza katika kisanduku hiki, jina la ukoo katika kile. Vijana walikwenda haraka. Shekina, Ibrahim, Safi, hao. Halafu nikafika kwa Mama Asia, mke wa Sadiki mwenye malori. Mkono ukakataa. Niandike “Asia” hivi hivi, mtupu, kama namtuma dukani? Mwanamke aliyeoza mabinti! Hapana. Kisanduku cha kwanza: Mama. Cha pili: Asia. Basi nikaendelea vizuri. Mama Odile. Mama Rachida. Kwa wanaume, Tata, yaani baba: Tata Aruna. Tata Henri (bila furaha). Tata Sadiki. Tata Mwenze, ndio mimi.

Mianda alichungulia akasema, tata, mashini haina masikio, huwezi kuikosea adabu. Nikamjibu kwamba kompyuta ya nyumba hii italelewa kama watoto wa nyumba hii. Akasema ndio kitu anachoogopa.

Jumapili, tarehe 10

Henri amepita baada ya misa, eti kusalimia. Nilifunika kompyuta na shuka. Akauliza kama inaumwa.

Akaanza kunipa mashauri niliyokuwa sijaomba. Kwamba mashangazi wa Gracien kutoka Sandoa wasiwekwe karibu na spika. Kwamba Sadiki na Tata Aruna, dereva wake wa zamani, hawasemeshani tangu lile lori lililoanguka barabara ya Mashamba, nisije nikawachanganya. Nikamwambia programu inajua hayo yote.

Programu haijui. Lakini ina wiki nzima ya kujifunza.

Alhamisi, tarehe 14

Kazi imekwisha! Niliiamuru meza kuu iwe ya wakubwa tu, wale wenye Tata na Mama, vijana wakae nyuma. Ikafikiri. Halafu ikaniuliza, kwa Kifaransa cha heshima sana: kuna watu walioandikwa mara nyingi, niwafute?

Nilicheka peke yangu. Jamaa za Yaya! Wanajiandikisha mara mbili kwa komite ili wale mara mbili. Macho ya Henri yasingewaona kamwe. Nikabonyeza: ndiyo, futa. Ikanishukuru.

Nilitaka kupitia majina, umeme ukaenda. Nikachukua flashi, kazi nilikuwa nimeiweka humo, mpaka kwa Papy, ana jenereta na mashini ya kuchapa. Karatasi zikaingia katika bahasha, ikatoka nyembamba. Papy akauliza kama arusi imegeuka kuwa ya watu wa nyumbani tu. Nikamweleza kwa upole kwamba hii ndiyo maana ya kompyuta: inapunguza karatasi.

Sikuifungua. Surprizi ni surprizi, hata kwangu.

Jumamosi, tarehe 16

Nitaandika kwa kifupi.

Nilisimama mlangoni mwa ukumbi na suti yangu ya bluu, karatasi mkononi. Vijana wakaingia, kila mmoja na meza yake nzima. Nikaona ajabu kidogo. Akaja Mama Asia. Yuko! Meza kuu. Nikamsindikiza. Mume wake Sadiki alikuwa nyuma yake, na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Nikatafuta. Hayuko. Nikamwomba angoje kidogo. Akaja Tata Aruna. Yuko! Meza kuu, kiti cha pembeni ya Mama Asia.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwepo. Mama Rachida, hayuko. Mwalimu, hayuko. Mwenyekiti wa komite, hayuko. Watu walijaa nje mpaka barabarani, viatu vya arusi ndani ya vumbi. Sadiki alikuwa anaangalia kupitia dirisha, mke wake anakaa na Aruna kama picha ya ukutani, na akaanza kuuliza kwa sauti ni nani alipanga hivi, na kwamba anataka tu kumsalimia. Mwingine aliyeona viti vitupu ndani akapiga kelele: “We Mwenze, batu biko inje, biti biko ndani, nani anabakataza kuonana?”

Nikatafuta jina langu, angalau nikimbilie kitini. Tata Mwenze, hayuko.

Halafu mashangazi wa Sandoa wakafika. Hao hawangoji mlangoni. Walinisogeza kama pazia. Hawakuja siku ya mahari, hawajui sura za wazazi wa Tatiana. Ndani wakaona meza kuu, mwanamke mmoja, mwanaume mmoja. Wakapiga magoti! “Aksanti ya kutulelea huyu mutoto.” Wakampa Mama Asia kitambaa na kuku wawili. Mama Asia ni mwanamke wa adabu, hakujua akatae namna gani. Tata Aruna, ambaye hasikii vizuri, alipokea mbuzi akawabariki wote.

Na hapo ndipo gari la maarusi likafika, na Yaya Odile akaingia kumtazama mwanamke mwingine akishukuriwa kwa kumzaa binti yake.

Hakunipiga. Alinitoa tu kibandiko cha protokole kifuani, polepole, akambandika Henri. Henri hakuchukua karatasi yoyote. Alisimama juu ya kreti ya bia akaanza: mama, huku, tata, pale, Sadiki, kaa na mke wako, Aruna, rudisha mbuzi. Ukumbi ukajaa kabla maji hayajachemka. Mashangazi wakapiga magoti mara ya pili, kwa wazazi wenyewe safari hii, wakicheka mpaka vilemba vikaanguka. Wamesema hawajawahi kuona arusi tamu kama hii.

Henri akakaa pembeni ya bibi-arusi. Akavuta kiti kwanza, akakipangusa kwa leso, akanitazama, ndipo akakaa.

Yaya akaniambia: “Leo utakula na jenereta.” Nimekula na jenereta. Tatiana alikuja na gauni lake lote, ameshika sahani ya ugali wa bukari na mboga ya sombe, mashavu yamelowa machozi ya kicheko. Akasema, mjomba, nyamaza, watoto wangu wa kesho nitawasimulia. Mi sikuwa nalia. Moshi wa jenereta uliniingia machoni, ndiyo maana.

Jumapili, tarehe 17

Yaya ametuma ujumbe. Nisiguse protokole yake yoyote, arusi, ubatizo wala matanga. Nimekubali. Kosa ni kosa.

Lakini mwanaume hawezi kukaa bila kujua. Nimefungua programu tena, nimeichunguza mpaka nimeshika siri yake. Kumbe iliona Mama wote ni mtu mmoja aliyejiandika mara nyingi! Na Tata wote vilevile. Ikabakiza mmoja wa kila upande, yule anayetangulia kwa alfabeti. Asia. Aruna. Wengine, futa.

Mianda ameniangalia kwa huruma. Akasema basi, ondoa hizo Mama na Tata, andika majina. Maneno ya mtu asiyefahamu kompyuta. Heshima haiondolewi. Kosa halikuwa hapo hata kidogo.

Mwezi ujao ni sikukuu ya kwaya yake, karamu kubwa, mapadri na wake za watu wote wa mgodi. Mshika protokole bado hawajampata. Nimemwandikia mwenyekiti wa kwaya kwamba amepatikana. Mianda sijamwambia.

Nimekwisha kuanza kuingiza wageni. Wa kwanza, Tata Aaamwenze. Safari hii nitakaa.