Nta ya Sakafu Kwenye Handaki la Upepo

Jumatatu, 3 Machi
Mhandisi ametutangazia, mimi na Kinyozi: mkataba ni mmoja. Ataupata fundi ambaye bamba lake la chuma litapata joto dogo zaidi upepo ukilipitia kwa kasi ndani ya handaki la majaribio, keshokutwa. Siri ni ulaini, anasema. Hewa iteleze tabaka juu ya tabaka, isikwaruze. Kinyozi (ananyoa chuma mpaka king'ae, ndiyo asili ya jina) ameshika msasa papo hapo. Siku mbili za kusugua! Mimi si mwehu. Ila nikikosa mkataba tunahamia kwa mama mkwe. Keshanitengea godoro, na orodha ya kazi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeazima nta ya sakafu ya mke wangu. Hajui kama ameazimisha. Nimelipaka bamba chapuchapu. Linang'aa hadi naona pengo langu la meno. Kinyozi aliuliza natumia msasa gani. Nikamjibu ni jasho tu.

Jumatano, 5 Machi
Jaribio. Upepo ukavuma, vipimajoto vikatulia. Dakika mbili nzima nilikuwa mfalme! Kisha harufu. Nta ya upande wa nyuma wa bamba imeyeyuka, joto limepanda kama limeitwa. Mhandisi akauliza nini kinanuka. Nikasema jirani anapiga deki. Jirani yetu ni kiwanja kitupu. Kinyozi alicheka hadi akashika kiuno. Maji yamenifika shingoni.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeitwa ofisini. Barua ya kuomba radhi mfukoni. Bamba mezani. Mhandisi akauliza nilipaka nini. Ulimi ukanisaliti, nikasema kweli. Akanionyesha mstari: mbele nta nzima, nyuma imeyeyuka. Hapo ndipo hewa inapoacha kuteleza na kuanza kuvurugika, chuma kikaungua. Yeye na wenzake wameutafuta mstari huo miezi mitatu.

“Mkataba ni wa Kinyozi,” akasema. “Wewe nimekupatia wa pili, wa kupaka nta mabamba yote ituonyeshe mstari. Ila usipake kitu kingine bila kuniambia.”

Nikakaa kwenye ngazi, nikacheka peke yangu. Kinyozi akaniletea maji, mtu mwema jamani. Godoro libaki huko huko!

Ijumaa, 7 Machi
Nimesaini! Mke ameuliza kopo lake la nta. Nimesema Kinyozi ameliazima. Mama mkwe amekuja kutupongeza. Mafuta yake ya nywele yanateleza kuliko nta yoyote. Nimechota kidogo. Mhandisi nitamwambia baada ya jaribio.