Chunusi Moja, Picha Mia Nne

"Wamemnyang'anya zawadi," Breki alisema, macho kwenye simu, kikombe kikiwa bado hewani. "Mshindi wa shindano la picha. Waamuzi wamemtaka alete picha mbichi, ile kama ilivyotoka kwenye kamera. Wakakuta ziwa ni lilelile, lakini ndege kumi na mmoja hawapo."

"Wamekwenda wapi?" akauliza Shahidi.

"Hawakuwahi kuwepo. Kawaweka mwenyewe kwa kompyuta."

"Haiwezekani. Mimi nilikuwa pale, ndege niliwaona."

Shahidi alikuwa pale kila mahali. Anasimulia hata nilivyozaliwa, na mimi namzidi miaka sita. Breki yeye huendesha lori la maji, na kila asubuhi huliegesha hapa ili injini ipoe. Benchi ni langu mimi fundi viatu, hawa wengine wanalikalia kwa mabavu. Kahawa anauza Shangazi, mjane wa miaka hamsini na mbili, ambaye huosha vikombe ametugeuzia mgongo na hapitwi na neno.

"Msimseme mwenzenu," akasema Fleshi. Alikuwa amekumbatia albamu kubwa, kompyuta ya mkononi iko magotini. "Picha mbichi haitazamiki. Imepauka kama mtu aliyetoka kulazwa. Fundi ndiye anayeirudishia mwanga, rangi, vivuli. Na mimi siongezi kitu, mimi natoa. Natoa madoa."

"Kumbe yule ni mwongo wa kujumlisha, wewe ni mwongo wa kutoa," nikasema.

"Wewe gonga misumari yako."

Fleshi amepiga picha za vitambulisho miaka ishirini, ukutani shuka jeupe, kidevu juu, usicheke. Wiki tatu zilizopita alianza kujifunza kusafisha picha kwa kompyuta, mwalimu wake video za mtandaoni. Sababu tunaijua. Miezi mitatu nyuma aliacha kumwita Shangazi "Shangazi" akaanza kumwita "wewe", na hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Lakini Shangazi ana mdogo wake wa kiume, mkaguzi wa shule, na kwao posa haipokelewi bila kauli yake. Mkaguzi akasema: piga picha za harusi ya binti yangu, nione kama wewe ni mtu wa kazi, ndipo tuzungumze. Asubuhi hii ndiyo angepita kuichukua albamu.

"Hebu tuione kabla yake," Breki akasema.

Fleshi akafungua ukurasa wa kwanza kwa ncha za vidole. Bibi harusi alikuwa anang'aa, hana hata nukta.

"Hapa, chini ya jicho la kushoto, palikuwa na chunusi kubwa kama kifungo. Nikaibofya, ikazikwa. Programu inachukua ngozi ya jirani, inafunika. Nikajiuliza, nitabofya mara mia nne? Kumbe kuna kitufe cha kunakili marekebisho kwenye picha zote. Nikakibonyeza, nikaenda kunywa maji."

Breki akakuna kidevu. "Na kwenye picha zingine kompyuta iliijuaje chunusi ilipo?"

"Inafuata palepale."

"Palepale kwenye uso, au palepale kwenye picha?"

Mimi nikamfungulia ukurasa wa pili. Bwana harusi hakuwa na sikio. Ukurasa wa tatu, mpambe alikuwa na jicho moja, na pale pa jicho la pili pamesakafiwa shavu safi kabisa. Wa nne, maharusi wanatia saini, mkono upo, kalamu hakuna.

"Anatia saini kwa kucha," Shahidi akasema. "Nakumbuka, ndivyo ilivyokuwa."

"Ulizitazama kabla ya kuzipeleka zikachapwe?" nikamuuliza.

"Nilitazama ya kwanza. Ilikuwa nzuri."

Nilimwonea huruma, nakiri, ingawa mbavu zilikuwa zinaniuma kwa kicheko. Fleshi akaanza kuitumbukiza albamu kwenye mfuko wangu wa soli za zamani. Amechelewa. Mkaguzi alikuwa amekwisha simama mbele yetu, shati limenyooshwa mpaka linatisha.

"Karibu, shemeji," Fleshi akasema.

"Shemeji wa nani?"

Mkaguzi akaketi, akachomoa kalamu nyekundu mfukoni kwa mazoea tu, akafungua. Sikio alilipita kimya. Kwenye jicho akakohoa. Alipofika picha ya familia mbili zimesimama pamoja, akainama karibu.

"Huyu mwenye kichwa cha pazia ni nani?"

"Ni baba wa bwana harusi," Fleshi akajibu. "Shemeji, yaani Bwana Mkaguzi, hiyo ni bahati mbaya, naweza..."

"Alihutubia dakika hamsini kwenye harusi ya mwanangu." Mabega ya Mkaguzi yakaanza kutikisika. "Hii nikuzie. Ikae sebuleni."

Tukapumua. Breki akampiga Fleshi mgongoni, na Fleshi akaanza kutabasamu kama mtu ambaye mambo yake yamenyooka. Mkaguzi akafungua ukurasa wa mwisho, na hapo akaacha kucheka.

Ilikuwa picha ya mwanamke peke yake, na hii Fleshi hakunakili kitu, hii aliishughulikia kwa mkono siku nne. Ngozi laini kama kikombe kipya, shingo ya msichana.

"Na huyu?"

"Dada yako."

"Dada yangu ana miaka hamsini na mbili." Mkaguzi hakupandisha sauti. "Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba, ni yeye aliyenilea. Mkunjo wake wa kulia niliuleta mimi nilipovunjika mguu. Ile mitatu ya paji la uso ni mitihani niliyofeli. Umeifuta yote. Sasa kama huyu binti ndiye unayemtaka, katafute kwao. Kwetu hayupo."

Hakuna aliyecheka. Hata Shahidi hakuwa pale.

Fleshi akafungua kompyuta. "Picha mbichi ipo," akasema. "Programu haiigusi. Kila nilichofanya kinarudi." Akayarudisha nyuma marekebisho kwa kidole, taratibu, na mikunjo ikaanza kurejea, kwanza macho, kisha paji, kisha ile miwili ya mdomo inayomtokea akitaka kutukana. "Mimi huyu ndiye ninayemtaka. Niliogopa tu hutaiona kazi yangu."

Mkaguzi alitazama skrini, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Huyo namfahamu," akasema. "Kwa ajili ya huyo, njoo Jumamosi tuzungumze."

Fleshi akapeleka kidole kuhifadhi.

"Usihifadhi hiyo."

Shangazi alikuwa nyuma yetu, anajifuta mikono kwenye kanga. Akaichukua albamu kutoka kwa mdogo wake bila kuomba, akaichomoa picha ya mwisho, akaitazama kwa mkono ulionyooshwa.

"Mmemaliza kunisahihisha? Jumamosi aje, hilo nililikubali zamani, nilikuwa nawangoja ninyi. Lakini ya kutundika ni hii."

"Dada," Mkaguzi akasema, "huyo si wewe."

"Najua. Mikunjo ninayo mwenyewe, kutwa kucha. Ukutani niacheni nipumzike."