Kukaimu Kinywa cha Mkurugenzi

Ifahamike kwa umma, na kwa idara nyingine zenye kijicho, kwamba Idara ya Mihuri na Vibandiko ndiyo ya kwanza katika historia ya utumishi kufikia asilimia mia moja ya meno mazima. Watumishi sitini na wanne, meno elfu mbili na arobaini na nane, hakuna hata moja lenye doa. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Vinywa iliyoleta ushindi huu, na naandika mapema ili ukweli usije ukapotoshwa na watu wa masjala, ambao midomo yao haina breki.

Yote yalianza na waraka. Ulisema kila mtumishi akaguliwe meno kila baada ya miezi sita, kwa sababu jino huoza kimyakimya, na likianza kuuma ujue umeshachelewa. Hoja nzuri, nasi tuliiunga mkono papo hapo kwa kuunda Kamati. Tatizo lilikuwa Mkurugenzi. Mkurugenzi wetu haogopi kitu. Amewahi kumfokea mkaguzi mkuu mbele ya watu. Lakini alipofika mlangoni kwa daktari wa meno na kuisikia ile mashine ikilia ndani kama nyigu kwenye kopo, alirudi ofisini kwa miguu, akaliacha gari pamoja na dereva. Watu wa masjala wanasema alikula kona. Kumbukumbu za Kamati zinasema aliitwa na majukumu mazito.

Kamati ilikaa siku tatu. Tulitafakari hivi: Mkurugenzi akisafiri, anakaimiwa. Akiugua, anakaimiwa. Kiti kinakaimiwa, sahihi inakaimiwa, sasa kinywa kina nini cha ajabu? Nikaandika Mwongozo wa kurasa arobaini, na tukamteua mhudumu wa ofisi, mama wa makamo tunayemwita Shangazi, akaimu kinywa cha Mkurugenzi. Shangazi ndiye anayetuchemshia chai. Ya kwake haitii sukari, na meno yake yamepangika vizuri hadi yanaudhi.

Alirudi na cheti safi, Mkurugenzi akakitundika ukutani. Kesho yake Naibu Mkurugenzi naye akakumbuka majukumu yake. Kisha wahasibu. Kisha ghala zima. Mimi pia nilisaini fomu ya kukaimiwa kinywa, sifichi, maana Katibu asiyefuata Mwongozo wake mwenyewe ni mtu wa namna gani? Ndani ya nusu mwaka Shangazi alikuwa amekaguliwa mara sitini na nne, zamu yake mwenyewe ikiwemo. Siku moja alikutwa na kitundu kidogo kama ncha ya sindano, kikazibwa kwa dakika kumi, nasi tukakiandika kwenye faili la Mkurugenzi, kwa kuwa siku hiyo kinywa kilikuwa cha Mkurugenzi.

Daktari wa meno, binti mmoja asiye na mizaha, alituandikia kulalamika kwamba anakagua kinywa kilekile kila siku. Tulimjibu kwa adabu kwamba kazi yake ni kukagua kinywa kilichofikishwa mbele yake. Suala la kinywa ni cha nani ni la kiutawala.

Wizara ikafurahi. Ikatangazwa kwamba Waziri angekuja Ijumaa kutukabidhi ngao, na Mkurugenzi angepigwa picha akitabasamu. Jumatatu ya wiki hiyohiyo Mkurugenzi aliingia ofisini shavu la kushoto limevimba kama ameficha limau. Alikuwa amebana karafuu, anaongea kwa upande mmoja, na kila akiinama kusaini machozi yanamtoka. Nilimhurumia, kweli nilimhurumia. Lakini faili lake lilisema meno yake yote ni mazima, na kumtibu kungekuwa ni kulivunjia faili heshima.

Kamati ikakaa kwa dharura. Bahati nzuri tulikuwa na mfano wa kufuata: kitundu cha Mkurugenzi kilishazibwa kinywani mwa Shangazi na hakuna aliyehoji. Kwa hiyo gego la chini kushoto la Mkurugenzi nalo ling'olewe hukohuko, mahali lilipo kisheria. Mkurugenzi aliinua kichwa.

"Akishang'olewa yeye, mimi nitapona?"

"Kiutaratibu, ndiyo, mheshimiwa."

Akasaini.

Shangazi nilimkuta jikoni akisuuza vikombe. Aliisoma barua, akajifuta mikono, akaisoma tena.

"Mwanangu, jino linamuuma yeye."

"Shangazi, kuuma ni suala la kitabibu. Sisi tunazungumzia utaratibu."

Aliniambia ana miaka hamsini na miwili, magoti yamechoka, macho yamechoka, na kitu pekee mwilini mwake ambacho hakijawahi kumsumbua ni hayo meno. Nikamweleza kwamba kukataa ni utovu wa nidhamu na kibarua kingeota nyasi. Akaomba nakala ya Mwongozo. Nilifurahi, maana hakuna mtu aliyewahi kuuomba. Mchana kutwa alikaa kwenye benchi la korido akiusoma kwa kufuatisha kidole, kurasa zote arobaini, na Idara nzima ikakosa chai.

Jumatano tulikwenda kliniki watatu, Mkurugenzi akiwa amekuja kushuhudia gego lake likitoka. Daktari aliisoma barua, akasema yeye hang'oi jino zima la mtu. Nikamweleza kwamba asipong'oa, kesho asubuhi Shangazi ataandikiwa barua ya kuachishwa kazi. Wanawake wale wawili wakatazamana. Hapo Shangazi akafungua mkoba wake.

"Kifungu cha thelathini na moja," alisema. "Kaimu akipata dharura, anaweza kumteua mtu mwingine amkaimu. Na mteuliwa hana haki ya kukataa."

Hayo maneno ya kutokuwa na haki ya kukataa niliyaongeza mimi mwenyewe, kwa kuwafikiria watu wa ngazi yake. Shangazi akamkabidhi Mkurugenzi fomu, nakala tatu. Ilimteua Mkurugenzi kukaimu kinywa cha Shangazi, anayekaimu kinywa cha Mkurugenzi. Mkurugenzi akanitazama mimi. Niliikagua mbele na nyuma, nikitafuta kosa hata la tarehe. Sijawahi kupokea fomu iliyojazwa vizuri namna ile.

"Iko sawa, mheshimiwa," nilisema. Ningesema nini?

Akapanda kwenye kiti. Daktari akamchoma sindano ya ganzi, akachungulia muda mrefu kuliko nilivyopenda. Gego lile halifai tena, alisema, na majirani zake wawili nao wamekwisha. Mwaka mmoja nyuma yote matatu yangezibwa, dakika kumi kwa kila moja. Mkurugenzi, mdomo wazi, alijitahidi kueleza kwamba faili linasema vingine.

"Faili halinuki," daktari alimjibu, akachukua koleo.

Yalitoka matatu, kwa niaba ya Mkurugenzi. Ijumaa alipokea ngao akiwa ameubana mdomo, na Waziri akamsifu kwa unyenyekevu.

Ningependa taarifa yangu iishie hapo. Lakini Jumatano ile mkoba wa Shangazi haukuwa na fomu moja tu. Alikuwa nazo sitini na tatu, moja kwa kila kinywa tulichombebesha, na iliyofuata ilikuwa na jina langu. Ni kweli kwamba tangu mwaka jana natafuna kwa upande mmoja, ila hilo ni jambo la binafsi. Nilimwambia nina kikao cha Kamati saa nane, kikao muhimu sana, hakiwezi kuanza bila mimi.

"Kikao nitakwenda mimi kwa niaba yako," Shangazi alisema. "Wewe kaa hapo, mwanangu."

Nilikaa. Kikao chenyewe, nimeambiwa, kilimalizika kwa robo saa, na hakuna aliyeuliza Katibu yuko wapi.