Mwalimu, Turudishie Kikundi Chetu Kikiwa Kimoja

Mwalimu Odeta wa Baiolojia,

Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa. Marahaba.

YAH: KIKUNDI CHA NGOMA ULICHOKIGAWA

Uliazima wachezaji wangu hapa Bujora wawaoneshe wanafunzi jinsi seli moja inavyogawanyika kuwa mbili. Ulisema ni mchezo mfupi tu. Wiki imepita, seli haijarudi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema kila kromosomu hujinakili kwanza, nakala mbili zikashikana. Ukawafunga wachezaji wawili wawili, Ngosha na mkewe Getruda kiunoni kwa kanga moja. Hapo sikusema kitu, walipendeza.

2. Ukawapanga mstari katikati ya uwanja kwa filimbi moja. Mimi nawapigia kelele miaka yote, hawapangiki. Hiyo ni dharau.

3. Ukaleta kamba, ukaziita nyuzi za seli, wanafunzi wakavuta kila jozi: Ngosha upande wa mawe, Getruda upande wa kisima. Ukazungushia kila upande pazia, ukasema sasa kila mmoja una kiini chake. Mwalimu, watu wakiambiwa hivyo wanaamini. Upande wa mawe ulichagua mwenyekiti kabla hujakunja pazia. Ngosha na Getruda bado wanakaa nyumba moja, ila chumvi wanaombana kupitia kwangu.

4. Ulisema kila upande hupata kila kitu kamili. Ngoma kubwa hukuinakili. Ipo moja, nalala nayo chumbani, mashindano yamekaribia na wote wanaidai.

5. Hili ndilo linaniuma. Niliuliza mama wa seli anakwenda wapi. Ukajibu, tena kwa furaha, kwamba hayupo tena, amekuwa hao wawili. Mwanzilishi wa kikundi ni mimi. Wanafunzi wakanitazama, wakaandika.

Naomba uje na kamba zilezile, uvute kinyumenyume. Ukishindwa, seli zote kuanzia Ilemela hadi Kamanga ziache kugawanyika mpaka shauri hili liishe. Za kwangu nimeshaziamuru. Kidonda changu cha goti kisipopona, nitajua zimetii.

Wasalimie walimu wenzako, wapishi, na yule kijana aliyevuta kamba kupita wote.

Wako asiyekuwepo tena,
Mzee Shimba

Tanbihi: Usije kwanza. Tangu nifungie ngoma chumbani, upande wa mawe unaniletea sangara, wa kisima unaniletea kuku, na kila mmoja unaninong'oneza kwamba mwanzilishi wao ni mimi. Goti nalo limepona. Nasikia kuna darasa halijafundishwa seli. Nitajie siku, nitawaleta wote, tufike vikundi vinne.