Vita Vyangu na Bwana Karai

Jumatatu, 5 Mei
Mjukuu wangu kapanda ngazi za nyumbani akihema kama mvukuto. Darasa la nne huyo. Ijumaa mwalimu wa michezo anachagua timu ya mbio za kupokezana vijiti. Sharti ni moja: uzunguke uwanja bila kusimama. Mtoto anaitaka nafasi hiyo mpaka analala na raba zake kitandani.

Mchawi namjua. Muuza chipsi wa getini kwa shule, Bwana Karai. Nimemwendea, nimemwambia anawanenepesha watoto wa watu kama anawapeleka mnadani. Kajibu eti, bibi, mimi nauza tu, sijamkaba mtu koo. Adabu hana. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kusema sikufundishwa na mtu. Atanitambua.

Jumanne, 6 Mei
Nimebeba kigoda, nikaketi ubavuni mwa karai lake. Kila mtoto aliyekuja nimemuuliza mama yake nani, na kama anajua mwanawe hana shingo. Wakacheka. Wakawaita wenzao waje nao wasemwe. Foleni ikafika ukuta wa jirani. Bwana Karai kaniletea chai, kaniomba nirudi kesho, eti nina nyota ya biashara. Mimi! Chai nimeinywa. Chai haina kosa.

Jumatano, 7 Mei
Leo nimekwenda na akili. Nimemwambia mafuta yake ni ya juzi, nitamshtaki kwa bwana afya. Kasema nionje mwenyewe. Sahani ya kwanza haikunipa jibu. Ya pili ilikuwa na sosi nyingi, mafuta hayakusikika. Ya tatu ndiyo imethibitisha: mafuta mapya, kwa bahati mbaya. Nainua kichwa, mjukuu wangu kasimama mbele yangu na rafiki zake, nami nina sosi kidevuni. Kageuka, kaondoka. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, 8 Mei
Mtoto kapita getini bila kugeuza shingo. Nimeshinda.

Binti yangu, mama yake, anasema mtoto kaacha mwenyewe, kwa aibu niliyomtia. Tena niache kumwongezea wali usiku. Nimemwambia nimelea watano kwa mkono huu, hakuna aliyelala njaa. Kasema, ndiyo mama, tunaonekana. Sikumwelewa.

Ijumaa, 9 Mei
Asubuhi nimemkaangia mtoto mkate kwa mayai, na maziwa yenye sukari ya maana. Kala ndizi moja, kanibusu, kaondoka. Nikala mimi. Chakula hakitupwi.

Uwanjani nimekaa mbele kabisa. Nusu ya mzunguko kashika mbavu, akaanza kuyumba. Nikanyamaza, na mdomo wangu huu. Hakusimama. Kafika wa mwisho, lakini kafika, na mwalimu kamwita kwenye timu. Nimelia kama nimefiwa. Kisha nikawaeleza wazazi wote kwamba ile ni kazi yangu.

Nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Karai, nikaagiza chipsi na soseji za timu nzima. Kaniuliza kama mimi ndiye yule bibi wa kigoda. Nimemwambia akaange, aache maneno.

Mwalimu kanizuia getini. Eti vitu hivyo kwa wakimbiaji wake haviingii. Watoto wametoka jasho namna ile, halafu wananyimwa chakula. Na mimi nilimdhani mtu wa maana. Jumatatu namwona mkuu wa shule. Mwenye roho mbaya kama yule hafai kukaa karibu na watoto.